Namna ya kupunguza arifa za uongo za kamera za usalama nyumbani

Kamera ya usalama inayotuma arifa kila tawi linapotikisika haimlindi mtu. Mwenye nyumba hufungua simu mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, akakuta kivuli cha mti, paka, au nondo aliyepita karibu na lenzi. Baada ya muda huacha kufungua, na hatimaye huzima sauti ya arifa zote ili apate usingizi. Siku mtu asiye na nia njema atakapopita uani, kamera itakuwa imetimiza wajibu wake wote, imerekodi na imetuma taarifa, ila hatakuwepo wa kuisoma. Wauguzi wa wodi za wagonjwa mahututi wanaifahamu hali hii vizuri, kwa kuwa mashine zinazolia kutwa bila dharura ya kweli huwafanya wahudumu wachelewe kuitikia hata kengele iliyo ya haki. Ndiyo maana nazihesabu arifa za uongo kuwa pengo la ulinzi, na pengo hilo linastahili kuzibwa kwa utaratibu.

Wengi wakichoshwa hukimbilia kitelezi cha wepesi wa kuhisi katika programu ya simu na kukishusha hadi chini kabisa. Arifa hupungua kweli, lakini hupungua zote, za uongo pamoja na za kweli, na mwenye nyumba hana njia ya kujua zipi zimepotea. Utaratibu ninaoupendekeza unaanzia mbali na simu. Kwanza jua kamera yako inahisi kwa njia gani, kisha zisome arifa zenyewe ujue zinasababishwa na nini, kisha urekebishe mahali kamera ilipofungwa na mwanga unaoizunguka. Mipangilio ya programu ije baada ya hayo, kwa sababu hakuna mpangilio unaoweza kuiponya kamera iliyoelekezwa mahali pabaya.

Kamera inahisije mwendo?

Kamera za nyumbani hutumia njia kuu mbili za kuhisi mwendo, na kila njia ina udhaifu wake.

Njia ya kwanza ni kihisi cha joto, ambacho hupatikana zaidi katika kamera zinazotumia betri. Kihisi hiki hakioni picha. Hupokea mionzi ya infraredi inayotoka katika vitu vyenye joto, hasa ile yenye urefu wa wimbi wa mikromita 8 hadi 14, na mwili wa binadamu hutoa mionzi hiyo kwa wingi karibu na mikromita 9 hadi 10. Ndani yake mna vipande viwili vilivyounganishwa kwa kupingana, ili joto likipanda polepole mahali pote, vipande vyote viwili vipate badiliko lilelile na yafutane. Mwili unaotembea hugusa kipande kimoja kabla ya kingine, na tofauti hiyo ndiyo inayoiamsha kamera. Mbele ya kihisi hukaa kifuniko cheupe cha plastiki chenye mistari au vijichumba vingi. Hiyo ni lenzi ya Fresnel, iliyopewa jina la mwanafizikia wa Ufaransa Augustin-Jean Fresnel, ambaye lenzi zake zilianza kutumika katika mnara wa taa wa Cordouan mwaka 1823. Katika kamera, lenzi hiyo huligawa eneo la mbele kuwa vipande vingi kama mapengo ya uzio, na mtu anayekatiza vipande hivyo kutoka upande mmoja hadi mwingine huonekana kwa urahisi kuliko yule anayeijia kamera moja kwa moja.

Adui wa kihisi cha joto ni joto linalohama: hewa ya moto inayotoka kwenye mashine ya nje ya kiyoyozi, boneti ya gari lililozimwa punde, bomba la moshi, au majani yaliyopigwa na jua yakisukumwa na upepo. Tena, joto la mazingira linapokaribia joto la ngozi, kihisi hukosa tofauti ya kuishika. Mwenye kamera akiona haimwoni mtu adhuhuri hupandisha wepesi wa kuhisi, halafu usiku unapopoa anaanza kusumbuliwa na kila paka.

Njia ya pili ni kulinganisha picha, nayo hutumiwa zaidi na kamera zenye umeme wa kudumu. Programu huchukua fremu moja, ikailinganisha na iliyoitangulia, na pikseli, yaani nukta ndogo zinazounda picha, zikibadilika kwa wingi wa kutosha hutangaza kuwa kuna mwendo. Njia hii haijui joto wala haijui mtu ni nini. Wingu likifunika jua, taa ya baraza ikiwashwa, mvua ikinyesha au taa za gari zikimulika ukuta, pikseli hubadilika, na kwa kamera hayo yote ni mwendo.

Juu ya njia hizi mbili, kamera nyingi za sasa zina tabaka la akili unde linalojaribu kutambua kilichosogea: mtu, gari, mnyama au kifurushi. Tabaka hilo ni la manufaa makubwa na nitalirejea, lakini kumbuka kwamba hufanya kazi kwa kile linachopelekewa. Picha ikiwa mbaya, hata akili unde hukosea.

Zisome arifa kabla ya kugusa chochote

Chagua juma moja la kawaida na usibadilishe mpangilio wowote. Kila jioni fungua orodha ya matukio, tazama video moja baada ya nyingine, na uandike mambo matatu tu: saa, kamera ipi, na kilichosogea. Kazi hii inachosha kidogo, lakini ndiyo inayookoa muda mwingi baadaye, kwa sababu arifa za uongo mara chache huwa na sababu nyingi. Kwa kawaida utakuta sababu mbili au tatu ndizo zinazoleta sehemu kubwa ya usumbufu.

Kuna alama za kuzitambua. Doa jeupe lisilo na umbo, linalokatiza picha haraka na kuacha mkia, ni mdudu aliye karibu sana na lenzi. Uzi mweupe unaopanda na kushuka taratibu mahali palepale ni utando wa buibui. Picha nzima ikicheza kwa pamoja, kuta na vyote, kamera yenyewe inatikiswa na upepo au na mlango unaofungwa kwa nguvu. Tukio linalojirudia kila jioni karibu na saa moja, ambamo rangi hutoweka ghafla na picha ikawa nyeusi na nyeupe, ni kamera kuhama kutoka hali ya mchana kwenda ya usiku. Video ambazo hazionyeshi kitu kabisa hutokea zaidi katika kamera za kihisi cha joto: ama kilichoiamsha ni joto lisiloonekana, ama kamera ilichelewa kuamka na mhusika akawa ameshapita. Hizo za mwisho zichunguze kwa makini, kwa kuwa huenda si za uongo hata kidogo.

Rekebisha mahali kamera ilipofungwa

Kwa kamera nyingi za nje, kimo cha mita 2.5 hadi 3 kinafaa. Ikishuka zaidi, mtu huweza kuifikia na kuigeuza. Ikipanda sana, huona utosi wa kichwa badala ya uso na mwili, na programu ya kutambua watu hushindwa kumtambua mtu anayetazamwa kutoka juu. Ielekeze chini kiasi kwamba mstari wa upeo uwe karibu na ukingo wa juu wa picha au utoke kabisa. Anga halina mwizi, bali lina mawingu, ndege na jua, na vyote hivyo hubadilisha pikseli.

Kama kamera yako inatumia kihisi cha joto, ifunge ili njia ya kupita watu iukate uwanja wake wa kuona. Kamera iliyofungwa juu ya mlango na kutazama njia kwa unyoofu humtambua mgeni akiwa ameshafika karibu. Ikihamishiwa kwenye pembe ya nyumba, njia ikipita mbele yake kwa mshazari, humtambua mapema, nawe unaweza kushusha wepesi wa kuhisi bila kupoteza kitu. Huu ndio urekebishaji ninaouthamini kuliko mwingine wowote kwa kamera za betri, kwa sababu hupunguza arifa za uongo na kuongeza za kweli kwa wakati mmoja.

Umbali nao una hesabu yake. Toleo la mwaka 2014 la kiwango cha kimataifa cha kamera za usalama, IEC 62676-4, liliweka pikseli 25 kwa kila mita kuwa za kutosha kugundua kwamba mtu yupo, pikseli 125 kumtambua mtu unayemfahamu, na 250 kumbainisha mtu usiyemjua. Chukua kamera yenye upana wa pikseli 1920 na pembe ya kuona ya nyuzi 90. Katika umbali wa mita 10 huona upana wa mita 20, yaani pikseli 96 kwa kila mita; katika mita 40 zinabaki 24. Hapo ndipo ujue kwamba mifumo mingi haichambui picha kamili bali nakala yake ndogo, ili kuokoa nguvu ya kompyuta. Nakala hiyo ikiwa na upana wa pikseli 640, katika mita 20 zinabaki pikseli 16 tu kwa mita, na kwa picha ya namna hiyo kichaka na mtu aliyeinama havitofautiani sana. Kwa hiyo usiitegemee kamera moja yenye pembe pana kulinda uwanja mzima hadi lango la mbali. Ama iache ilinde karibu, ama weka nyingine karibu na lango.

Hatimaye kaza skrubu. Kishikio kilicholegea, au kamera iliyofungwa juu ya mlingoti mwembamba, hutoa arifa kila upepo unapovuma, na hakuna mpangilio unaotibu hilo vizuri. Kata matawi yanayoning'inia ndani ya picha, sogeza kamba ya kuanikia nguo, na ondoa bendera au mapambo yanayopepea.

Usiku ndipo penye kazi

Sehemu kubwa ya malalamiko ya arifa za uongo hutokea baada ya giza kuingia, na chanzo chake mara nyingi ni taa za infraredi za kamera yenyewe. Taa hizo huizunguka lenzi na kumulika kila kitu kilicho mbele yake. Nguvu ya mwanga hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali, kwa hiyo nondo aliye nusu mita kutoka kwenye kamera hupokea mwanga ulio karibu mara 400 ya ule unaomfikia mtu aliye umbali wa mita 10. Nondo huyo huwaka kama taa na kuifunika picha. Matone ya mvua, vumbi na ukungu hufanya vivyo hivyo.

Dawa ya uhakika ni kuutenga mwanga na lenzi. Zima taa za infraredi zilizo ndani ya kamera, halafu funga taa ya infraredi ya nje mita moja au mbili pembeni, ikimulika eneo lilelile. Wadudu watakaoifuata taa hiyo hawatakuwa mbele ya lenzi, na chembe za ukungu zilizo karibu na kamera hazitamulikwa. Taa hizi huuzwa kwa aina mbili: zenye urefu wa wimbi wa nanomita 850, ambazo hufika mbali zaidi lakini huonyesha wekundu hafifu ukizitazama, na zenye nanomita 940, ambazo jicho halizioni ila hufika karibu zaidi. Kwa uwanja wa kawaida, 850 inatosha.

Njia nyingine ni kutumia mwanga unaoonekana wa kudumu, kwa mfano taa ya baraza inayowaka usiku kucha, na kuiacha kamera ibaki katika hali ya rangi. Wadudu huvutwa zaidi na mwanga wenye samawati na urujuanimno, kwa hiyo chagua taa ya rangi ya manjano na uifunge mbali na kamera. Mwanga wa kutosha huleta faida nyingine isiyozungumzwa sana: katika giza kamera hulazimika kuikuza ishara dhaifu, na picha hujaa chembechembe zinazochezacheza, ambazo programu ya kulinganisha fremu huweza kuzisoma kuwa mwendo. Ukiongeza mwanga, chembechembe hupungua.

Kuhama kati ya mchana na usiku nako kuna kasoro zake. Ndani ya kamera mna kichujio cha infraredi ambacho husogezwa pembeni giza linapoingia, na ukiwa karibu wakati wa kimya unaweza kukisikia kikigonga. Kamera ikiwa karibu mno na ukuta mweupe au chini ya ukingo wa paa, taa zake humulika ukuta huo, mwanga ukarudi, kamera ikadhani kumepambazuka. Hurudi katika hali ya mchana, ikakuta giza, ikahama tena. Hali hiyo huweza kujirudia kwa saa nzima na kutoa arifa kila mara. Igeuze kamera kidogo ili ukuta utoke katika picha, au katika mipangilio uongeze muda wa kusubiri kabla ya kuhama, au upange saa maalumu za kuhama kama kamera yako inaruhusu.

Usafi usidharauliwe. Buibui hupenda kujenga pembeni mwa kamera kwa sababu wadudu hupita hapo na kuna mahali pa kujificha. Ondoa utando kwa brashi laini, futa vumbi kavu kwanza na ndipo upitishe kitambaa laini chenye unyevu kidogo juu ya lenzi, kwani kusugua vumbi kavu kwa kitambaa hukwaruza plastiki. Usinyunyize dawa ya wadudu moja kwa moja kwenye lenzi. Huacha utando wa mafuta ambao usiku hutawanya mwanga na kuharibu picha zaidi kuliko buibui alivyofanya.

Kamera iliyowekwa ndani ya dirisha kutazama nje ni suala la peke yake. Kioo cha dirisha huzuia mionzi ya joto la mwili, kwa hiyo kihisi cha joto hakitamwona mtu aliye nje, na taa za infraredi zitajirudia kwenye kioo na kuipofusha lenzi. Zima taa hizo, ikaribishe lenzi hadi iguse kioo, tumia hali ya kulinganisha picha, na uwashe taa nje.

Maeneo ya kuangalia

Baada ya kurekebisha mahali na mwanga, ndipo uingie katika programu. Karibu kila programu huruhusu kuchora maeneo ambayo mwendo wake ndio utakaohesabiwa. Wengi huchora mstatili mkubwa unaofunika picha karibu yote, jambo ambalo halisaidii. Chora eneo juu ya ardhi, pale miguu ya mtu itakapokanyaga: njia ya kuingilia, kizingiti, nafasi ya kuegesha gari, ukanda ulio chini ya madirisha. Mifumo inayotambua vitu huzungushia kila kitu kisanduku, na baadhi yake, kwa mfano Frigate, programu ya kurekodi na kuchambua video za kamera, huangalia sehemu ya katikati ya ukingo wa chini wa kisanduku hicho ili kuamua kama mtu yumo ndani ya eneo. Mtu anayepita barabarani nyuma ya ukuta mfupi, ambaye kichwa chake kinaingia katika picha ya uwanja wako, hatahesabiwa kama eneo limechorwa kufuata ardhi. Mifumo mingine hutosheka na kisanduku kugusa eneo popote, kwa hiyo ijaribu yako uone inavyofanya.

Yaache nje matawi, maji ya bwawa yanayoakisi mwanga, na saa inayoandikwa juu ya picha. Tarakimu zake hubadilika kila sekunde, na kuna mifumo inayozihesabu kuwa mwendo. Barabara ya umma pia iache nje, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni wingi wa arifa. Ya pili ni haki za wapita njia: Desemba 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kamera ya nyumbani inayorekodi pia njia ya umma haiwezi kuhesabiwa kuwa shughuli ya binafsi tu ya nyumbani, hivyo sheria za kulinda taarifa za watu huihusu. Hata pasipo na sheria ya namna hiyo, jirani hapaswi kurekodiwa kila anapofungua mlango wake. Zingatia kwamba eneo la mwendo halizuii kurekodi. Kama unataka sehemu isionekane kabisa, tumia kifuniko cha faragha, ambacho huiweka nyeusi katika video.

Taa za magari hukaidi maeneo. Barabara yenyewe umeiacha nje, lakini mwanga wa gari linalokata kona hufagia ukuta ulio ndani ya eneo lako. Hapo chaguo lako ni kuigeuza kamera, kulipunguza eneo hadi lisiguse ukuta, au kutegemea utambuzi wa vitu.

Kwa kamera za betri, jua pia kwamba kihisi cha joto hakioni mistari uliyoichora. Katika baadhi ya kamera hizo, kihisi huamsha kamera, kamera hutazama, ndipo huamua kwamba tukio liko nje ya eneo na kunyamaza. Arifa haitumwi, ila betri imetumika. Ikiwa betri yako inaisha haraka huku arifa zikiwa chache, tatizo liko katika mahali au katika wepesi wa kihisi, na maeneo hayatalitatua.

Wepesi wa kuhisi na ukubwa wa kitu

Programu nyingine zina vitelezi viwili ambavyo watu huvichanganya. Kimoja huamua pikseli ibadilike kiasi gani ndipo ihesabiwe kuwa imebadilika. Kingine huamua pikseli ngapi zibadilike ndipo tukio litangazwe. Dhidi ya chembechembe za usiku na vivuli hafifu, rekebisha cha kwanza. Dhidi ya wadudu wa mbali, ndege na paka, rekebisha cha pili, kwani hao hubadilisha sehemu ndogo tu ya picha. Anzia katikati, shuka hatua moja, acha usiku mbili au tatu zipite, ndipo uamue hatua inayofuata. Usibadilishe mambo mawili kwa pamoja, kwa sababu hutajua lipi limeleta nafuu na lipi limeleta upofu.

Utambuzi wa watu na vitu

Kamera yako ikiwa na uwezo wa kutofautisha watu, magari na wanyama, weka arifa za watu peke yake, na magari pale tu yanapoingia katika eneo la kuegesha. Wanyama waendelee kurekodiwa bila arifa. Badiliko hili moja huondoa usumbufu mwingi, na kama kamera inao uwezo huo lakini umezimwa, uwashe kabla ya kushughulika na vitelezi.

Utambuzi huu hufanya kazi kwa alama ya uhakika. Programu husema, kwa mfano, kwamba ina uhakika wa 0.62 kuwa kisanduku hiki kina mtu, halafu huilinganisha alama hiyo na kizingiti kilichowekwa. Katika Frigate, kizingiti cha kawaida cha kukikubali kitu ni 0.7. Kukipandisha hadi 0.8 hupunguza makosa, lakini humfanya mtu aliyeinama, aliyejifunika mwavuli au aliye mbali apite bila kutangazwa. Makosa ya utambuzi hupenda kukaa mahali pamoja: koti lililotundikwa, sanamu ya bustani, kichaka kilichokatwa kwa umbo la kusimama. Badala ya kupandisha kizingiti kwa picha yote, ondoa kitu hicho, au zuia utambuzi wa watu katika doa hilo dogo tu. Programu ikikupa kitufe cha kusema kwamba utambuzi umekosea, kitumie.

Rekodi nyingi, arifa chache

Kurekodi na kuarifu ni maamuzi mawili tofauti, na programu nyingi huyaruhusu yatenganishwe. Kama kamera ina umeme wa kudumu na kadi ya kumbukumbu au kinasa cha ndani, iache irekodi mfululizo au irekodi kila mwendo, na arifa zitoke kwa masharti makali zaidi. Hivyo, hata arifa ikikosekana, ushahidi upo.

Masharti yenyewe ni kama haya: awe mtu, awe ndani ya eneo, na iwe saa ambazo hamtarajii mgeni au hakuna mtu nyumbani. Tumia hali ya kuwapo na kutokuwapo, ambayo hubadilika kwa kufuata mahali simu za wanakaya zilipo, na hakikisha simu za wote zimesajiliwa, kwani mmoja akisahauliwa kamera itaarifu kila anapokwenda jikoni. Weka muda wa kupumzika baina ya arifa, kwa mfano dakika mbili, ili mtunza bustani mmoja asilete arifa mfululizo; usiufanye mrefu sana, maana anayekuja nyuma yake hatatangazwa. Kwa mahali penye wapita njia wengi, muda wa kukaa unafaa zaidi: arifa itolewe mtu akikaa katika eneo kwa sekunde 5 au 10, si akipita tu. Na kwa milango, kihisi cha mlango kikiunganishwa na kamera, arifa yenye sauti kubwa ikatolewa pale vyote viwili vinapokubaliana, uongo hupungua sana.

Ndani ya nyumba sababu ni chache: pazia mbele ya feni, televisheni iliyowashwa, roboti ya kufagia, na mnyama anayepanda juu ya kochi. Igeuze kamera itazame mlango na korido badala ya sebule yote, na kochi lenyewe lisiwemo katika picha.

Jaribu kwa miguu

Baada ya kila badiliko, fanya jaribio la kutembea. Mmoja abaki na simu, mwingine aende nje atembee kama ambavyo mtu asiyealikwa angetembea: kutoka langoni moja kwa moja, kando ya ukuta, kutoka nyuma ya gari, mara akiwa wima na mara akiwa ameinama. Mwenye simu aandike ni hatua ngapi kutoka mlangoni ambapo arifa ilifika, na ilichelewa sekunde ngapi. Rudieni jaribio hilo usiku, anayetembea akiwa amevaa nguo nyeusi, kwa kuwa mpangilio uliofaulu mchana mara nyingi hushindwa gizani. Mtu akifika kwenye kizingiti bila arifa kutoka, rudisha badiliko la mwisho ulilofanya na utafute nafuu mahali pengine.

Jaribio hilihili lifanywe tena baada ya dhoruba, baada ya kupogoa miti, majira yanapobadilika na jua likaanza kupiga kutoka upande mwingine, na kila programu ya kamera inaposasishwa, kwa sababu masasisho mengine hurudisha mipangilio ya awali bila kusema. Fungua ukurasa wa maeneo uthibitishe kwamba mistari bado ipo pale ulipoichora. Kamera iliyosogea kidogo tu baada ya kufutwa lenzi huwa imeuhamisha mstari wa njia hadi kwenye kichaka.